Zamu ya Mwisho ya Kuoga

Jambo la kwanza ni soksi. Kabla ya pasipoti, kabla ya chanjo, kabla mchungaji hajaitwa kuiombea safari, kagueni soksi za kila anayesafiri. Kule Japani mtavua viatu mara nyingi kuliko mtakavyokula, na mkulima ambaye kidole gumba kimetokeza mbele ya wenyeji wake atakaa siku nzima amekunja miguu, haelewi hata nusu ya anachofundishwa. Mimi nilijifunza hilo kwa kidole changu mwenyewe.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ushirika wetu hapa Tukuyu umeniaga kwa vitenge, saa ya ukutani na hotuba ndefu, na ninyi wadogo zangu wawili mnaochukua kazi yangu mmeniomba niwaandikie ninachokijua. Habari za vyeo na barua za kupandishwa mtazikuta kwenye faili. Mimi nitaandika kazi yenyewe, ambayo ni kuwatoa wakulima wa chai Rungwe na kuwafikisha kwenye vijiji vya chai vya Japani, wakae majumbani mwa watu, wajifunze, kisha warudi wazima bila kuwaudhi wenyeji. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi.

Sikuanza kama mkalimani. Nilikuwa karani wa kituo cha kupimia majani mabichi, msichana wa Ibighi mwenye mwandiko mzuri na kiherehere kingi. Siku hizo kulikuwa na kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea, amepanga chumba Bulyaga, na alitaka kujua Kinyakyusa. Mimi nilitaka Kijapani kwa sababu moja tu, kwamba hapakuwa na mtu mwingine wilayani aliyekuwa nacho. Tukafundishana jioni baada ya kazi. Aliondoka akijua kusalimia na kununua ndizi, nami nikabaki na vitabu vyake vitatu na kamusi iliyochanika mgongo, ambayo nimeitumia mpaka wiki ya kustaafu na ambayo sasa iko kwenye droo ya chini. Msiitupe.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Gwakisa, marehemu sasa, ndiye aliyeongoza misafara ya mwanzo. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, asiyeachana na koti la mvua hata kiangazi. Siku yangu ya kwanza kutafsiri mbele ya watu, mwenyeji mmoja alimkabidhi mzee wetu wa Kiwira zawadi iliyofungwa vizuri, akainama, akasema kwa adabu za kwao kwamba ni kitu kisicho na maana. Nikatafsiri hivyo hivyo. Mzee wetu akakirudisha mezani, akasema kama hakina maana basi wakae nacho. Mwalimu Gwakisa aliinuka, akakichukua kile kifurushi kwa mikono miwili, akamshukuru mwenyeji kwa muda mrefu, akamwambia mzee kwa Kinyakyusa maneno ambayo sitayaandika hapa. Baadaye aliniambia kwamba mkalimani akikwama anyamaze kwanza, kwa sababu neno la kuzibia pengo ndilo humgharimu. Nilimwitikia ndiyo, kama mnavyonijibu ninyi.

Watalii wengi wanaokwenda Japani huishia kwenye miji mikubwa, wakapiga picha mbele ya mageti mekundu na ndani ya treni ya kasi, wakarudi. Sisi miji tulipita tumelala. Tulishuka Shizuoka, tukahamia treni ndogo ya mabehewa mawili inayopanda kando ya mto, inaingia handaki na kutoka, na kila kituo kina maua lakini hakina mfanyakazi. Kwenye kimoja cha vituo hivyo kuna birika refu la mawe lenye maji ya moto kutoka ardhini, na benchi kulizunguka. Ni la kutia miguu tu, bure, wakati unasubiri treni. Wekeni kituo hicho kwenye ratiba hata kama wakubwa watasema mnapoteza muda. Wazee wetu hufika na miguu iliyovimba kwa ndege, na nimewaona watu waliokuwa wakinung'unika tangu Dar es Salaam wakinyamaza mle ghafla. Sisi nasi tuna maji ya moto kule Kyela, ila hakuna aliyewahi kufikiria kuweka benchi.

Yapo mengine madogo ya namna hiyo, na hayo ndiyo wakulima wetu huyasimulia wakirudi. Kwenye kituo kidogo kuna miavuli ya kuazima, mtu anachukua ikinyesha na anarudisha kesho, hakuna anayeandika jina. Mtu wa Tukuyu, ambako mwavuli ni kitu cha kufunga na kufuli, husimama pale akatafakari. Saa kumi na moja jioni vipaza sauti vya kijiji hupiga wimbo mfupi kuwaambia watoto warudi nyumbani. Waambieni mapema wasafiri wenu, maana msafara wangu wa pili ulidhani ni tangazo la msiba na kina mama wakaanza kujifunga vitenge. Na asubuhi saa kumi na mbili na nusu wazee wa kijiji hukusanyika uwanjani kufanya mazoezi ya viungo kwa kufuata redio. Jiungeni. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kupokewa na kijiji kile kuliko kunyoosha mikono pamoja nao mkiwa mmekosea hatua.

Sasa niandike kuhusu Bupe, kwa sababu habari yake mmeisikia nusu nusu na mmeisikia vibaya.

Ushirika ulikuwa umejenga chumba pale Bulyaga kwa ajili ya chai ya kusokota kwa mkono, ile ambayo majani hupikwa kwa mvuke, kisha husokotwa juu ya meza yenye joto kwa saa nyingi mpaka yanakuwa membamba na kung'aa kama sindano. Chumba tulikuwa nacho, fundi hatukuwa naye. Kule kijijini alikuwepo Bibi Sumi, mwanamke wa miaka sabini na kitu, ambaye ndiye pekee aliyebaki bondeni akiijua kazi hiyo kwa njia ya zamani. Viganja vilishaanza kumuuma, wanafunzi alishaacha kupokea. Niliandikiana naye barua mwaka mzima ndipo akakubali kumfundisha mwanamke mmoja, siku kumi, nyumbani kwake, baada ya hapo basi. Tulimchagua Bupe kwa ajili ya mikono yake. Alikuwa mchumaji kwenye shamba la baba mkwe wake, hajawahi kuwa na kazi iliyo yake, na akirudi na ujuzi ule angekuwa mwalimu wa chumba cha Bulyaga. Akirudi bila ujuzi, angerudi kwenye kikapu, na chumba kingekuwa stoo ya mbolea.

Kwenye msafara huo huo alikuwemo Mzee Ambokile, mwenyekiti wa wakulima wa kijiji chake na mzee wa kanisa. Yeye ndiye baba mkwe wa Bupe.

Ninyi mmekulia mjini, kwa hiyo nieleze. Kwetu mkamwana, yaani mke wa mtoto wako wa kiume, humkwepa baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, hali naye, hapiti alipo, hagusi alichokitumia. Tunaita kutila, na maana yake ni kuogopa, lakini ni woga wa heshima. Makanisa yamelegeza, mjini ndiyo kabisa, ila zipo nyumba zinazoshika, na ya Mzee Ambokile ilikuwa mojawapo. Nilijua. Kwenye ndege niliwatenganisha safu nane, kwenye treni nikawapa kila mmoja behewa lake, na nilijiona mjanja sana.

Kosa nilikuwa nimeshalifanya Tukuyu, mezani kwangu. Fomu ya wenyeji ilikuwa na kisanduku cha kuandika uhusiano. Kijapani kina neno la mkamwana, nami nililijua, lakini kisanduku kilikuwa kidogo, ilikuwa Ijumaa, nikaandika baba na binti. Kwani Bupe alimtajaje mzee yule kwa watu kama si Tata, yaani baba? Wenyeji wakaona baba na binti wenye jina moja la ukoo kwenye pasipoti, na kwa wema wao wakawapanga nyumba moja, kwa Bibi Sumi. Niliyajua hayo tulipofika uani na mabegi yao mawili yakawekwa yamegusana kwenye baraza. Bupe alijifunika kitenge mpaka machoni, akageukia ukuta.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini Bibi Sumi alikuwa ameanika magodoro mapya, amepika wali wa maharage mekundu ambao ni wa sherehe, na mume wake mwenye mgongo mbovu alikuwa amesimama mlangoni kutusubiri. Nikajipa moyo kwamba vyumba viko vitatu, mimi nitalala katikati. Milango yenyewe ilikuwa ya karatasi.

Jioni ikafika zamu ya kuoga. Nyumba ile bado ilikuwa na bafu la zamani, pipa kubwa la chuma linalochochewa moto wa kuni chini yake, na ndani unakanyaga ubao usiungue nyayo. Unajisugua na kujisuuza nje ya pipa, ukishakuwa safi ndiyo unaingia kujikanda kwa joto, kisha unatoka na kuyaacha maji yalivyo, kwa sababu nyumba nzima inaingia maji hayo hayo, mmoja baada ya mwingine. Mgeni mkubwa huanza. Nilieleza yote hayo uani, na nilipofika kwenye maji hayo hayo nilimwona Bupe ameinua kichwa, lakini mbele ya mkwe wake hakuweza kufungua kinywa.

Mzee Ambokile aliingia wa kwanza. Baada ya muda akaniuliza kupitia mlangoni kama chumvi nayo itatiwa au anapikwa hivi hivi. Alitoka amependeza, uso unang'aa, akasema mgongo wake haujawahi kupata siku kama hiyo. Bupe akaingia, na mimi nilikuwa jikoni nikimsaidia Bibi Sumi kukata figili niliposikia maji yanashuka kwenye mfereji.

Alikuwa amechomoa kizibo. Kuingia maji aliyotoka mkwe wake hakuweza, kukataa kuoga aliona ni utovu wa adabu kwa mwenyeji, kwa hiyo alifanya lililobaki. Asilojua ni kwamba pipa tupu likikaa juu ya moto hupasuka. Bibi Sumi alikimbia pekupeku, akavuta makaa kwa jembe mpaka nyasi za uani zikaungua. Pipa lilipona. Lakini mume wake, ambaye maji yale yalikuwa dawa yake ya kila siku, alikwenda kulala amekunja mgongo bila kuoga. Bibi Sumi alitabasamu, akasema hakuna shida. Wadogo zangu, mkisikia hakuna shida ya namna hiyo, jueni shida ipo.

Asubuhi meza ya kusokotea haikuwashwa. Aliniita pembeni akasema kwa upole mwingi kwamba viganja vinamuuma, na kwamba labda Bupe angefurahi zaidi kwenda kiwandani bondeni na wenzake. Nilimwelewa. Aliamini Bupe ameyamwaga maji kwa kuliona bafu lao chafu.

Nikakimbilia kueleza, na nikakosea mara ya pili. Nilichukua maana ya kutila kama ilivyo, nikasema Bupe anamwogopa baba yake. Bibi Sumi akainuka. Kufikia saa sita alikuwa amehamisha godoro la Bupe chumbani kwake, na Mzee Ambokile alikuwa amewekewa wali wa jana, uliopoa, bila neno. Mzee wa kanisa, mwenyekiti, mtu ambaye hajawahi kumpiga hata mbwa, alikula huku akiniuliza kwa macho amekosa nini.

Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikanyamaza kabisa, kwa kiasi ambacho Mwalimu Gwakisa angekubali. Halafu nikaitafuta ile fomu kwenye begi, nikaenda nayo jikoni, nikakata neno binti mbele ya Bibi Sumi na kuandika juu yake neno lao: yome, mke wa mtoto wa kiume. Nikamwambia kosa ni langu, nilikijaza kisanduku kwa uvivu.

Bibi Sumi alilisoma neno lile, akakaa kwenye kigoda. Akaanza kunisimulia. Yeye naye aliletwa nyumba ile akiwa yome, na yome huoga mwisho. Baba mkwe kwanza, mume, mashemeji, mama mkwe, ndipo yeye, maji yakiwa yamefika magotini na yamepoa, na akitoka analisugua pipa. Hakuna aliyemwuliza kama amechoka. Kwa hiyo akasema sasa ameelewa, na jambo ni jepesi: Bupe aoge mwisho.

Ikabidi nimwambie kwamba si suala la kutangulia au kufuata. Baada ya mkwe wake, Bupe hawezi kugusa maji yale hata tone. Bibi Sumi akatikisa kichwa. Kujaza pipa mara mbili na kulichemsha mara mbili kila jioni, kuni hazitoshi na yeye hana nguvu. Kumhamishia mzee nyumba nyingine, bonde zima litasema nyumba yake imemfukuza mgeni. Akasema kwa huzuni, na huzuni yake ilikuwa ya kweli, kwamba hawezi kufundisha kazi ya utulivu ndani ya nyumba isiyotulia.

Nilimfuata Mzee Ambokile nyuma ya nyumba, alipokuwa akiangalia mistari ya chai, nikamweleza yote: fomu, kizibo, neno langu la woga, na kwamba Bupe anarudi mikono mitupu. Sikumficha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichuma chipukizi moja na kulitafuna.

"Mwambie huyo mama mimi nitaoga wa mwisho," akasema.

Nikamkumbusha kwamba maji yatakuwa ya Bupe, na kwamba kwetu hilo nalo haliko sawa.

"Kunikwepa mimi ni kazi yake, na ameifanya mpaka huku ng'ambo ambako hakuna wa kumwona. Kama kuna kosa la kuingia kwenye maji yake, mwanangu, hilo liwe langu. Mimi nimeshazeeka, nitalibeba."

Bibi Sumi alikataa mara tatu. Mgeni, mzee, mwanamume, aoge baada ya wanawake wa nyumba, haijatokea. Mzee Ambokile hakubishana. Jioni alikaa kwenye ngazi ya baraza, taulo shingoni, akasubiri. Bupe akaitwa kwanza, nikafuata mimi, akafuata mume wa Bibi Sumi, ambaye alikaa sana, kisha Bibi Sumi mwenyewe. Ndipo mzee akainuka, akaingia, akafunga mlango.

Alipomaliza tulidhani atatoka. Badala yake tulisikia brashi. Bibi Sumi alizunguka na jembe lake kwenda kuondoa makaa, akamkuta Mzee Ambokile amekunja suruali mpaka magotini, ameshavuta makaa yote mwenyewe, amechomoa kizibo, ameinama ndani ya pipa anasugua chuma. Alikuwa anasugua kama mtu anayeosha kisima, polepole, bila kuacha pembe. Bibi Sumi alisimama, akaegemeza jembe ukutani. Kisha akainua aproni akajifunika uso, na mabega yakawa yanatetemeka. Nilikuwa nyuma yake, na mimi nililia, sioni haya kulisema.

Alipopata sauti alisema maneno machache. Mzee akaniuliza kasema nini.

"Anasema ni zaidi ya miaka hamsini yuko nyumba hii, na hii ni mara ya kwanza mwanamume kuoga nyuma yake."

Mzee Ambokile alikamua kitambaa, akakitundika kwenye msumari.

"Mwambie maji yalikuwa bado ya moto."

Nilimwambia. Bibi Sumi alimnyang'anya mzee brashi, akanigeukia, akasema nimtaarifu Bupe ajifunge nywele na kukata kucha, kwa sababu kesho meza inawashwa saa kumi na mbili.

Bupe alikuwa nyuma ya mlango wa karatasi, hatua tatu tu kutoka tulipokuwa. Nilipomfikishia habari, nikakiona kivuli chake kikishuka chini, akachuchumaa kama tunavyosalimia wakubwa, akaniambia kwa Kinyakyusa, kwa sauti iliyosikika uani kote, nimwambie Tata ndaga, kwamba anamshukuru. Mzee Ambokile ana masikio mazima na Kinyakyusa ndicho alichonyonya. Lakini alibaki amenitazama mimi, akisubiri, kwa hiyo niligeuka, nikamwambia mkamwana wake anasema ndaga, naye akaipokea kutoka kwangu.